Dawa Moja Iliyobaki

Jumatatu, 5 Mei

Deputy amezaa jana, watu wakiwa kanisani. Kumi na mmoja! Mmoja akamlalia papo hapo, sikuwahi hata kumvuta mguu. Wamebaki kumi. Nguruwe huyu nilimpa jina la naibu wa mwalimu mkuu pale shuleni ninapopika, kwa sababu wote wawili hujibwaga bila kuangalia nani yuko chini.

Bedan ndiye aliyefika wa kwanza. Si kwa pongezi. Aliegemea ukuta wa banda langu akawahesabu kwa kidevu, kisha akasema ni wazuri, tutaona kama hawa watafika. Watafika! Anajua vizuri yaliyonipata. Mzao uliopita walikufa wote wiki ile ile nilipowaachisha kunyonya — wanahara maji meupe mpaka wanabaki ngozi na macho. Na unga wa njano nilikuwa nawatilia kwenye chakula tangu siku walipoanza kula, kama yeye, kama kila mfugaji hapa mtoni. Wote husema ni dawa inayozuia kuhara na kunenepesha. Bedan akaniambia kosa langu ni kwamba sikutia wa kutosha.

Mabanda matatu, mfereji mmoja! La Bedan na mkewe Jecinta liko juu, langu katikati, la Mzee Opiyo chini karibu na mto. Uchafu wa Bedan lazima upite kwangu ukienda mtoni. Nimefagia leo, nikafagia tena, na bado ulikuwa unashuka.

Halafu kuna ile sheria ya kikundi chetu cha wafugaji. Banda likikaa tupu mwezi mzima, anapewa anayelihitaji. Mwenyekiti ni Bedan. Anayelihitaji ni Bedan. Hawa kumi wakifa sitaweza tena kumlisha Deputy, ataenda kwa mchinjaji, na huyo mwanamume ataingiza nguruwe wake wa pili hapa kabla sijatoa ndoo zangu. Kwa hiyo hawa hawafi.

Alhamisi, 8 Mei

Daktari Matheka amekuja na majibu. Ni yule kijana wa mifugo mwenye gambuti nyeupe za mpira, huongea polepole kama anayewasomesha watoto wa nasari. Alikuwa amechukua kinyesi cha watoto wangu waliokufa na cha wale wa Bedan, akapeleka maabara. Tulikusanyika nje ya banda la juu — mimi, Bedan, Jecinta, na Mzee Opiyo ambaye hasikii lakini hapitwi na mkutano.

Majibu ni kwamba unga wa njano haufanyi kitu tena. Bakteria wameuzoea. Alisema tumewalisha dawa kidogo kidogo kila siku, wale wanyonge wakafa, wakabaki sugu, na hao sugu ndio waliozaana mpaka wakajaa mabandani. Huko maabara wamejaribu dawa tano. Nne ni kama kuwapa maji. Iliyobaki ikiwaua ni moja tu.

Halafu akaitaja jina! Mpumbavu. Mimi hata sikulishika, linaishia kama yote yanavyoishia. Lakini nilikuwa namtazama Bedan. Midomo ilikuwa inamcheza, analirudia kimoyomoyo kama mtoto aliyetumwa dukani.

Ndipo Matheka akakumbuka kutuonya. "Hii ni ya sindano, na ni ya mgonjwa peke yake. Isiingie kwa chakula hata siku moja. Mkianza kuiweka kwa chakula mtaiua, vile mliua hiyo ya njano."

Tukaitikia wote. Jecinta aliitikia kwa kichwa kuliko wote.

Mengine aliyosema: tuwaache watoto wanyonye wiki saba, si nne. Sakafu ikae kavu. Chokaa mlangoni. Kila banda na fagio lake. Na badala ya kuchanganya dawa, tuwape uji mchachu, eti uchachu wake unawanyima hao bakteria nafasi tumboni. Ananifundisha mimi uji! Mtu anayepikia shule nzima kila asubuhi. Kuchachusha najua, kwetu tulikuwa tunachachusha uji wa mtama tangu sijaota meno. Nitajaribu. Si kwa kumpenda Matheka. Ni kwa sababu ile ya njano imeshanitia hasara na msiba.

Jumamosi, 10 Mei

Nilienda agroveti, duka la dawa za mifugo la Kadar, nichukue chupa moja ya hiyo dawa, ikae nyumbani kwa dharura. Jina sina, nikasema tu ile ya Daktari Matheka, naye akaijua mara moja. Imeisha. Ya chupa imeisha, na ya unga wa pakiti pia imeisha! Kadar alikuwa anacheka peke yake. Akasema, "Mathe, kwani nyinyi watu wa mto mmeanza nini huko? Buda mmoja alikuja jana akabeba katoni nzima. Wengine wakamfuata nyuma."

Sikumwuliza huyo buda ni mzee gani. Akaniambia nisijali, mzigo mwingine unakuja wiki ijayo, na ameagiza mwingi, maana hata wa ng'ambo ya mto wameanza kuulizia. Akasema ya pakiti ndiyo inayopendwa, inaingia kwenye chakula bila kubadilisha ladha. Alikuwa na furaha kweli.

Jumapili, 11 Mei

Nimemkabili Bedan. Nilimkuta ametoka ibada, shati jeupe, mikono imekunjwa, anachanganya chakula cha watoto wake kwa koleo. Pakiti iko juu ya ukuta, wazi, hata haoni haya. Nikamwuliza: Baba Owen, Alhamisi si tulikuwa wote hapa? Daktari hukumsikia?

"Nilimsikia, Mama Austine. Si alisema hii ndio inafanya? Sasa unataka niweke ile haifanyi?"

Nikasema alisema ya sindano. Akasema sindano inaumiza mtoto, chakula hakimwumizi. Nikasema ataiharibu kwa sisi wote, bakteria hawajui ukuta wa nani ni wa nani. Akasema basi niinue ukuta wangu. Nikamwita mwizi. Akauliza ameiba nini, risiti anayo. Na kweli sikuweza kusema ameiba nini! Lakini ameiba. Najua ameiba.

Nikapaza sauti mpaka Mzee Opiyo akasikia. Nikasema mtu anayetia hiyo dawa kwenye chakula ni muuaji, na banda langu halitaionja, na watu watakuja kuona nani mjinga. Jecinta alikuwa anaosha ndoo muda wote huo, ndoo ile ile moja. Nilirudi kwangu, nikamwaga maji mferejini kwa nguvu, nikajilowesha mwenyewe.

Jumatano, 21 Mei

Mvua. Mfereji umefurika, kila kitu cha Bedan kimeingia kwangu. Nimetoa tope kwa ndoo, nimepanga mbao za kreti juu ya sakafu, nimemwaga chokaa mpaka macho yanawasha. Alipita na mwavuli. Akasema pole. Pole!

Watoto wameanza kulamba uji. Asubuhi nawapa kabla ya kwenda kazini, jioni nawapa nikirudi. Mchana niko jikoni shuleni, kwa hivyo Jecinta ndiye huwawekea, kama tulivyofanya siku zote: yeye ananilishia mchana wa kazi, mimi namsafishia banda Jumamosi. Ni mtu wangu wa pekee hapa. Sijui alimpendea nini yule mwanamume.

Jumanne, 10 Juni

Watoto wa Bedan wanang'aa. Lazima niseme ukweli. Aliwaachisha kunyonya wakiwa na mwezi mmoja tu, na hakuna aliyehara. Watu wanatoka mpaka Majengo kuja kuwaangalia. Anawatembeza kama mwenye jumba la makumbusho, mkono mmoja mfukoni. Wakifika kwangu wanaziba pua kwa sababu ya uji. Leo amewaambia Mama Austine anawapikia nguruwe pombe ya busaa. Walicheka sana.

Wacheke. Wangu pia wanang'aa! Mikia imejikunja, ngozi laini, wananikimbilia wakisikia ndoo. Bila chembe ya dawa. Matheka alipita akawapiga picha. Akasema hili ndilo banda pekee mtoni analolijua ambalo halina dawa kwenye chakula, na atawaonyesha wafugaji wa kwingine. Nilimwambia arudie kwa sauti. Akarudia. Bedan alijitia hamnazo, lakini alisikia.

Jumatatu, 23 Juni

Jana nimewaachisha. Wiki saba kamili, kama alivyosema yule wa gambuti nyeupe. Deputy nimemhamishia upande wa pili wa banda, amepiga kelele mchana kutwa, nao wakampigia. Wote kumi wamekula uji wakamaliza. Bedan akaniambia juu ya ukuta kwamba wiki hii ndiyo ile. Kama anayenikumbusha siku ya mitihani. Naona anavyolipima banda langu kwa macho, kutoka ukuta hadi ukuta.

Jumamosi, 28 Juni

Yamemfika! Niliyaona kwenye mfereji kabla sijaambiwa, maji meupe yale yale. Watoto wake wanahara. Ameongeza dawa mara mbili kwenye chakula, hakuna kitu. Jecinta amenong'ona kwamba wawili wamekufa na Bedan amewafukia kwenye gunia nyuma ya choo ili watu wasijue.

Ningepaswa kusikitika. Sikusikitika. Nilifurahi, na nikiwa nasafisha banda lao nilikuwa natabasamu kwenye kola ya ovaroli. Jecinta macho yamevimba. Huyo nilimhurumia. Nikamwambia si nilisema, na dawa waliyobakiwa nayo watu wote mumewe ameimaliza kwa kiburi. Alisema, "Ni kweli, Mama Austine," akaingia ndani kuchukua ufagio.

Nimeosha gambuti zangu na chokaa nikitoka. Nimeziosha tena nyumbani.

Jumatano, 2 Julai

Wangu.

Nimerudi kutoka kazini nikakuta wanne mikia imelegea. Wanahara maji. Nilikaa chini pale pale kwenye mbao. Halafu nikampigia Matheka, na kwa mara ya kwanza sikuwa na neno baya la kumwambia. Alikuja na pikipiki kabla giza halijaingia. Akawadunga wale wanne ile dawa moja, polepole, akiwashika vizuri. Alikuwa na imani. Akasema kwa Bedan imekataa, lakini hapa itafanya kazi, maana hawa hawajawahi kuionja.

Nimeomba ruhusa ya kesho kutwa kwa simu. Naibu wa mwalimu mkuu aliniuliza kama nguruwe ni jamaa wa karibu. Nikamwambia ni wajina wake. Hakuelewa, ameniruhusu siku moja.

Ijumaa, 4 Julai

Sindano haifanyi kitu. Mmoja amekufa jana, mmoja leo asubuhi. Wanaohara sasa ni sita. Nimeshinda bandani, mtoto mdogo kuliko wote nimemfunga kwa leso kifuani, nampa maji kwa kijiko. Nilikuwa nimechutama kwenye kona ya ndani, nyuma ya Deputy.

Saa za mchana Jecinta akaingia na beseni la uji, kama kila siku. Hakuniona. Akaweka beseni ukutani, akatoa pakiti kwenye kifua cha gauni, akajaza kifuniko cha soda, akamwagia kwenye uji. Akakoroga kwa kidole. Haraka, bila kuangalia, kama mtu anayetia chumvi.

Niliita jina lake. Si Mama Owen. Jina lake. Beseni nusura limwanguke.

Nikamwuliza hiyo ni nini. Hakudanganya hata kidogo. Akasema ni ile. Ile ya Baba Owen.

"Tangu lini?"

"Tangu waanze kula." Akafuta kidole kwenye gauni. "Mama Austine, ulikuwa umesema mbele ya watu wote. Hungeweza kurudi nyuma. Wangekufa, na hili banda lingekwenda, nawe uende. Mimi nibaki hapa na nani?"

Nilikuwa nataka kumpiga. Nilikuwa nataka kumpiga na huku mtoto wa nguruwe ananipumulia shingoni, mwepesi kama kitambaa. Kila mchana wa kazi! Nilipokuwa napiga kifua mbele ya Bedan, nilipokuwa namwambia Matheka arudie kwa sauti, kidole cha Jecinta kilikuwa kwenye uji wangu. Sasa hata sijui ni nini kilichowang'arisha. Labda uji. Labda siyo. Sitajua kamwe, na hilo pia ameniharibia.

Akaanza kulia. Akaniomba nisiseme. Bedan anajua pakiti zinapungua, anashuku Mzee Opiyo. Akijua ni yeye — hakumalizia. Mwaka juzi nilimwona na jicho limeziba, akaniambia ni mlango wa kabati. Hawana kabati.

Nilimwaga uji wote kwenye mfereji. Kisha nikaona nilichofanya: umeshuka moja kwa moja kwa Mzee Opiyo.

Jumamosi, 5 Julai

Naandika hapa hapa bandani, nimekalia gunia. Wamebaki saba. Yule wa leso ameondoka asubuhi bila kelele.

Matheka amepiga simu. Sauti haikuwa ya nasari leo. Akasema amekaa akifikiria banda langu, haelewi. Akasema kuna dawa nyingine moja, lakini hiyo ni ya watu, ya wagonjwa waliolemewa hospitalini, na yeye angependa isifike mtoni kabisa. Ili aitoe lazima aweke sahihi yake. Akasema angeileta kwa mfugaji mmoja tu, yule anayejua hachanganyi.

"Kwa hivyo nakuuliza mara moja. Ile dawa imewahi kuingia kwa chakula chao? Kama imeingia niambie, sitakasirika. Lakini siwezi leta hii nyingine, itaishia kwa kihori cha chakula. Tutawapa maji ya chumvi na sukari, tungoje, watakaopona wapone. Kama haijaingia, nakuja nayo saa hii."

Jecinta alikuwa amesimama mlangoni na mtungi wa maji, anasikia, maana simu yangu hutoa sauti nje. Juu ya ukuta Bedan alikuwa anafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Watoto saba. Banda hili. Jicho la Jecinta lililoziba. Sitasema nilifikiria kwa muda mrefu. Sikufikiria.

Nikamwambia, "Haijawahi, daktari. Hata siku moja."

Akashukuru. Akaniambia kama wote wangekuwa kama mimi! Jecinta akaweka mtungi chini akaondoka bila kuniangalia. Nilidhani angenishukuru yeye.

Kisha Bedan akazunguka ukuta. Kwake wamebaki watatu, macho yake ni mekundu, ndevu hajanyoa. Hakuwa na kejeli. Aliniuliza kwa adabu kama ni kweli daktari anakuja, na kama kuna dawa mpya. Nikamwambia hakuna dawa mpya, Baba Owen, anakuja kuangalia tu. Akaitikia kwa kichwa polepole. Akatazama watoto wangu, akatazama simu mkononi mwangu.

Nilidhani ataondoka. Amepindua ndoo yake, ameketi mbele ya mlango wangu, mikono juu ya magoti. Anasema hana haraka. Pikipiki inashuka kutoka barabarani, naisikia.